Fremu ya Chuma Kutoka Italia: Ipi Ununue Kwanza na Ipi Uiache

Anayetafuta baiskeli ya mashindano ya Kiitalia, iliyojengwa kwa mabomba ya chuma kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu kila mara huanza na jina. Anataka Colnago, De Rosa au Cinelli, kisha anaangalia ni ipi kati ya hizo mfuko wake unaweza kuimudu. Mwongozo huu unapanga machaguo kwa utaratibu mwingine: kwanza uzima wa fremu, pili kipimo cha mwili wako, tatu vifaa vinavyokuja nayo, na jina liwe la mwisho. Fremu tupu huonekana rahisi kwa sababu gharama yenyewe bado haijaanza. Krenki, breki, magurudumu, vibadili giya, nguzo ya siti na shingo ya usukani ndivyo vinavyomaliza fedha, na vya Kiitalia vya enzi hiyo vina vipimo vyake ambavyo havikubali kubahatisha.

Kabla ya kupanga nafasi, mnunuzi aelewe mabomba. Sehemu kubwa ya fremu hizi ilijengwa kwa mabomba ya Columbus, kampuni iliyoanzishwa Milano mwaka 1919 na Angelo Luigi Colombo. Daraja lililotumika sana katika mashindano ni SL, ambalo unene wake ni milimita 0.9 kwenye ncha, ambako bomba huchomewa, na 0.6 katikati. SP ni nene zaidi, 1.0 na 0.7, na ilikusudiwa fremu kubwa, waendeshaji wazito na barabara mbovu. SLX ilikuja katika miaka ya 1980, ikiwa na mbavu ndogo za mzunguko ndani ya bomba karibu na ekseli ya pedali. Chini ya hizo yapo mabomba ya bei nafuu kama Aelle, ambayo ni mazito kidogo lakini si mabaya.

Stika ya Columbus yenye njiwa si ushahidi wa lolote, kwani stika mpya zinauzwa na mtu yeyote anaweza kuzibandika. Ushahidi mzuri zaidi ni nguzo ya siti, ambayo kipimo chake huwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Fremu ya SL kwa kawaida huchukua nguzo ya milimita 27.2, na ya SP huchukua 27.0. Muuzaji akikuambia fremu ni SL huku nguzo iliyomo ni 26.4 au 26.6, ama si SL, ama mdomo wa bomba umekazwa hadi ukapoteza umbo. Kwa SLX, mwombe apige picha ndani ya tundu la ekseli ya pedali, kwa maana mbavu zile huonekana kwa macho.

Nafasi ya kwanza: baiskeli kamili kutoka karakana ndogo

Katika miaka ile kila mkoa wa Italia ya kaskazini na kati ulikuwa na mafundi wake. Tommasini alikuwa Grosseto katika Toscana, Olmo alikuwa Celle Ligure kwenye pwani ya Liguria, Chesini alikuwa Verona, Guerciotti alikuwa Milano, na pembeni yao walikuwapo Ciöcc, Rossin, Daccordi, Basso na wengine wengi. Wengi walinunua mabomba yaleyale ya Columbus na masikio yaleyale ya Campagnolo, kampuni ya Kiitalia ya vifaa vya baiskeli, yanayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Kilichowatofautisha ni mkono: namna kiungio, yaani kipande cha chuma kinachounganisha mabomba, kilivyopigwa tupa kikawa chembamba, namna shaba ilivyotiririka bila kuacha pengo, na unyoofu wa fremu ilipopoa. Kusema kwamba hawana majina makubwa ni kuwapunja pia. Giuseppe Olmo aliweka rekodi ya dunia ya saa moja mwaka 1935 kwa kwenda kilomita 45.090, na Marino Basso alikuwa bingwa wa dunia wa barabara mwaka 1972. Soko tu ndilo limewasahau, na usahaulifu huo ni faida ya mnunuzi.

Sababu ya kutaka baiskeli kamili na si fremu tupu ni kwamba vifaa vyake vimekwisha kukubaliana. Vikombe vya ekseli ya pedali vina hesi (mifereji ya skrubu) sahihi, krenki inalingana na urefu wa ekseli, breki zinafika kwenye rimu, na nguzo ya siti ina kipimo kinachostahili. Hata kama vifaa hivyo ni vya daraja la kati, kama Campagnolo Triomphe au Shimano 600, unaweza kuendesha siku hiyohiyo na kubadilisha kimoja kimoja kadiri unavyopata. Nimewahi kukokotoa gharama za fremu mbili zilizofanana, moja ikiwa tupu na nyingine ikiwa na kila kitu; ile tupu iliishia kugharimu karibu mara mbili, ingawa ilinunuliwa kwa bei ya chini.

Nafasi ya pili: fremu za mwanzoni mwa miaka ya 1990

Wapenzi wa mambo ya kale huzidharau kwa kuwa rangi zake zina makelele na baadhi yake zimepoteza viungio vya mapambo. Kwa mtu anayetaka kuendesha kila wiki, hata hivyo, ni ununuzi wa akili. Nafasi ya nyuma kati ya masikio tayari ni milimita 130, kwa hiyo inapokea gurudumu la kisasa bila fremu kutanuliwa, na tundu la breki kwa kawaida linapokea breki mpya. Kuanzia mwaka 1992 Campagnolo walikuwa na Ergopower, yaani vibadili giya vilivyo ndani ya mikono ya breki. Kasoro yake moja ni kwamba haifai kwa L'Eroica, ile ziara ya barabara za vumbi jeupe inayofanyika Gaiole in Chianti tangu 1997, ambayo hupokea baiskeli za mashindano zilizotengenezwa kabla ya 1987, zenye vibadili giya kwenye bomba la chini na pedali za mikanda. Kama ndoto yako ni Gaiole, ruka nafasi hii.

Nafasi ya tatu: majina makubwa

Hapa wapo Ernesto Colnago wa Cambiago, Ugo De Rosa wa Cusano Milanino aliyemjengea Eddy Merckx fremu katika miaka ya 1970, Faliero Masi aliyefanya kazi chini ya uwanja wa Vigorelli mjini Milano, Cinelli na Supercorsa yake, na Pinarello wa Treviso. Jina hili la mwisho wengi wetu tulilisikia kupitia Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne akiwa juu ya Pinarello, ingawa zile zilikuwa za kaboni na hazihusiani na tunachozungumzia. Ubora wa nyumba hizi si wa kutiliwa shaka. Merckx aliweka rekodi ya saa moja Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, kwenye baiskeli iliyojengwa na Colnago, na Colnago Master ya miaka ya 1980, yenye mabomba yaliyobinywa kuwa na umbo la nyota, bado ni miongoni mwa fremu za chuma zinazotamaniwa kuliko zote.

Naziweka nafasi ya tatu kwa sababu mbili. Unalipia jina kwanza na fremu baadaye, na kwa kuwa bei ni kubwa, udanganyifu nao ni mkubwa. Fremu isiyojulikana hupakwa rangi mpya, hubandikwa stika, na kesho yake ni Colnago. Kinga ni kutazama chuma badala ya rangi. Colnago alichukua alama ya ua la karata baada ya Michele Dancelli kushinda Milano–Sanremo mwaka 1970, na alama hiyo hukatwa au kuchongwa kwenye chuma. De Rosa alichonga moyo. Rangi nene inayofunika kingo za michongo hii ni dalili ya kupakwa upya, jambo ambalo si kosa likitajwa waziwazi, lakini huficha kutu na mikunjo.

Nafasi ya nne: baiskeli za viwanda

Bianchi, Atala, Legnano na Bottecchia walitengeneza pia baiskeli nyingi za daraja la chini. Bianchi ya rangi ya samawati-kijani iliyojengwa kwa mabomba ya kawaida ni baiskeli nzuri ya kwenda kazini, mradi usilipe bei ya ile aliyoendesha Fausto Coppi, bingwa wa Kiitalia wa zamani.

Nafasi ya mwisho ni fremu yoyote iliyopakwa rangi upya isiyo na historia, isiyo na foku yake ya asili, hata kama ni ya bei ya kutupa. Foku ya kuazima hubadilisha pembe ya usukani na tabia ya baiskeli nzima, na mara nyingi ile ya asili iliondolewa kwa sababu ilivunjika au kupinda katika ajali.

Namna ya kukagua

Ajali ya mbele huacha alama mahali pamoja: chini ya bomba la chini na chini ya bomba la juu, sentimita chache nyuma ya kiungio cha shingo. Pitisha kidole polepole hapo. Ukihisi wimbi dogo au rangi iliyopasuka kwa mstari wa kuvuka bomba, fremu hiyo imegonga kitu, na usikubali maelezo yoyote. Kisha funga uzi kwenye sikio la nyuma la upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la shingo na uurudishe kwenye sikio la upande wa pili. Umbali kati ya uzi na bomba la siti uwe sawa pande zote mbili. Angalia nyufa kwenye masikio, chini ya tundu la ekseli na kwenye kiungio cha siti. Kama kuna krenki za Campagnolo Record za zamani, zisafishe mahali mkono wa krenki unapokutana na matawi yanayobeba meno, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanza.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kuuliza kama nguzo ya siti na shingo ya usukani vinatoka. Alumini iliyokaa ndani ya chuma kwa miaka thelathini huweza kushikana nacho kana kwamba vimechomewa. Fremu yangu ya kwanza ilikuja na nguzo ya aina hiyo. Picha za muuzaji zilikuwa nzuri sana, nami sikuuliza. Ilichukua majuma matatu ya mafuta ya kupenya na hatimaye msumeno. Mwombe muuzaji akutumie video akiichomoa.

Kuhusu kipimo, Waitalia wengi walipima bomba la siti kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya bomba la juu, ilhali wauzaji wengine hupima hadi mdomo wa juu, na tofauti yake ni kama sentimita moja na nusu. Taka vipimo vyote viwili, pamoja na urefu wa bomba la juu, ambao ndio unaoamua kama utakaa vizuri. Ikiwa fremu inasafirishwa kwa ndege au meli, sisitiza kwamba kigongo cha mbao kiwekwe kati ya masikio ya nyuma na ya foku, la sivyo itakufikia imebinywa.

Kuijenga

Tundu la ekseli la Kiitalia lina upana wa milimita 70 na hesi ya 36 kwa 24 (kipenyo cha milimita 36, mifereji 24 kwa kila inchi), na pande zote mbili hukazwa kuelekea kulia. Vikombe vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vinavyopatikana madukani kwetu, ni vyembamba zaidi na havishiki hesi hiyo. Shingo ya usukani ni milimita 22.2, lakini usukani wenyewe una mtego: Cinelli za zamani ni 26.4 na za baadaye ni 26.0, na kuubana usukani mwembamba ndani ya shingo pana ni kujitafutia kuanguka.

Fremu ya miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi ina nafasi ya milimita 126 nyuma. Kuitanua hadi 130 ni kusogeza kila upande milimita mbili, jambo ambalo chuma hukubali na alumini au kaboni havikubali, ila baadaye masikio lazima yanyooshwe yawe sambamba. Kazi hiyo mpe fundi mwenye vifaa vyake. Tairi za kugundishwa unaweza kuziacha na kuweka rimu za kawaida za 700C bila kubadili breki, ila usitegemee tairi pana: ya milimita 25 huingia, ya 28 mara nyingine.

Giya za asili ni ngumu. Krenki za Campagnolo Record za zamani hazichukui gurudumu la meno lililo chini ya meno 41, kwa hiyo ukiwa na 42 mbele na friwili ya 13 hadi 21 nyuma, kilima cha kweli kitakushusha utembee. Weka friwili inayofika 26.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina chumvi, mimina mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila bomba kabla ya kufunga chochote, geuza fremu pande zote, kisha iache ichuruzike usiku kucha. Paka grisi nguzo ya siti na shingo ya usukani, na uzichomoe mara mbili kwa mwaka. Kikombe cha kulia cha ekseli, kwa kuwa hesi yake inaelekea upande ambao mzunguko wa pedali hukilegeza, kikazwe kwa nguvu zaidi kuliko unavyodhani inatosha, na ukiangalie tena baada ya kilomita 100 za kwanza.