Silikoni, povu au bati? Vifaa vya kuzuia moto kabini vinavyopatikana Nairobi

Ukiingia duka la vipuri Kirinyaga Road ukaulize kitu cha kuzuia moto kabini, aghalabu utaonyeshwa karatasi ya kung'aa yenye gundi nyuma. Inapendeza, na ikibandikwa karibu na turbo hupunguza joto kweli. Moto haiuzuii. Anayeandaa gari kama Subaru Impreza, Mitsubishi Evo au Mazda MX-5 kwa autokrosi (mbio fupi za kushindana na saa) au rali ya klabu atie pesa yake kwanza kwenye bati la chuma, ribeti na gundi sahihi ya kuzibia. Mengine yote yaje baadaye.

Wakaguzi wanatafuta kitu kimoja: tundu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ambalo Kenya Motor Sports Federation ni mwanachama wake, zinataka pawe na kizuizi kisichopitisha moto wala kimiminika kati ya kabini na tangi la petroli. Upande wa mbele, ukuta wa injini wa kiwandani unafaa, ilimradi kila tundu liwe limezibwa. Soma pia kanuni za nyongeza za shindano lenyewe kabla ya kununua chochote.

Tuanze na bati. Geji 20, unene wa karibu milimita 0.9, ndilo chaguo letu bila kusita. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba, kwa hiyo mabati ya paa ya geji 28 au 30 ni mepesi mno: hutetemeka barabara mbovu, matundu ya ribeti yakapanuka, na baada ya mashindano machache ukuta unapiga kelele na unavuja. Wengi hukimbilia alumini kwa sababu ya uzito. Hesabu yake iko hivi: mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 0.9 ina kilo 7 hivi, na alumini ya milimita 1.2 ina kilo 3 na ushee. Ukuta wa tangi wa sedani hauhitaji zaidi ya mita moja ya mraba, kwa hiyo unaokoa chini ya kilo 4. Alumini huyeyuka nyuzi 660 za selsiasi, na moto wa petroli hupita hapo. Chuma hakiyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 1,400. Kilo hizo 4 zitafute kwingine, zisitoke kwenye kitu kilicho kati ya mgongo wa dereva na petroli.

Kazi ya kukata na kukunja inafanyika vizuri hapa mjini. Mafundi wa Kamukunji wanakunja kwa mkono kwa ustadi mkubwa na kwa bei ya chini; wanafaa vipande vidogo vyenye kona nyingi. Paneli ndefu ipeleke Kariobangi Light Industries, kwenye mashine ya kukata na ya kukunja, maana mstari ulionyooka hurahisisha kuziba. Nenda na patani ya katoni uliyojaribisha ndani ya gari, na uongeze mdomo (ukingo wa kukunja na kupigia ribeti) wa milimita 25 pande zote. Kipimo cha futi kamba peke yake hakitoshi, kwa sababu sakafu ya gari haijanyooka hata mahali pamoja. Fundi akitaka kuchomelea bati lenye zinki, mwambie aondoe zinki kwa grainda kwanza na afanyie kazi nje, kwani moshi wake ni sumu. Ribeti ni bora zaidi: za chuma, milimita 4.8, tundu la milimita 4.9 au 5, nafasi ya milimita 40 kati ya moja na nyingine. Anza katikati ya kila upande, kisha elekea kwenye kona. Ukianzia kona moja na kuzunguka, bati litajikunja na kubaki na tumbo ambalo hakuna gundi itakayolijaza.

Sasa gundi, ambapo makosa ni mengi.

Povu la kopo, lile linalotumiwa kuziba fremu za milango, lisiingie kwenye gari la mashindano. Ni polyurethane. Huwaka, na likiungua ndani ya nafasi ndogo hutoa sianidi hidrojeni pamoja na moshi mzito. Lile la waridi linaloandikwa kwamba linahimili moto limepimwa kwenye mianya myembamba ya kuta za mawe. Kwenye bati linalotetemeka cheti hicho hakina maana.

Silikoni nyekundu ya gasketi ni nzuri kuliko sifa zake. Huvumilia karibu nyuzi 260 kwa muda mrefu na zaidi ya 300 kwa muda mfupi, hushika vizuri, na hunyumbulika bodi inapojipinda. Itumie kwenye mianya isiyozidi milimita 3, bati kwa bati, upande wa injini. Angalia mambo mawili. Ile inayonuka siki ikiwa mbichi hutoa asidi inayoleta kutu kwenye chuma kitupu na kuharibu shaba ya wayaringi. Tafuta isiyo na harufu hiyo, au paka praima na uiache ikauke kwanza. Pia petroli huifanya ivimbe na kulegea. Kwa hiyo vifuniko vya pampu ya petroli chini ya kiti cha nyuma, vilivyo kwenye sedani nyingi, visifungwe kwa silikoni. Weka kifuniko cha chuma, gasketi ya mpira wa nitrile (unaovumilia petroli), na bolti za M5 kuzunguka ukingo. Kifuniko hicho kitafunguliwa siku pampu itakapokufa, na gasketi itakuruhusu kukirudisha bila kukwangua.

Bidhaa tunayoipa alama za juu kabisa ni gundi inayovimba kwa joto, inayotengenezwa kwa ajili ya nyaya na mabomba yanayopita kwenye kuta za majengo. Waulizie wauzaji wa vifaa vya kuzuia moto majengoni. Maduka mengi ya vipuri vya magari hayana. Mpira wa kuzunguka nyaya ukiyeyuka kwenye moto, tundu hufunguka. Gundi hii wakati huohuo hutanuka na kulijaza. Zipo aina mbili. Ya akriliki ni ya bei nafuu na husafishika kwa maji, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: mvua na dimbwi vikirushwa hadi nyuma ya injini, hulainika na kubanduka. Chukua ya silikoni. Fungasha nyaya ziwe fundo moja, weka bati la vipande viwili vyenye nusu-duara kila kimoja, kisha jaza gundi kina cha milimita 10 upande wa injini na upande wa kabini. Safisha kwa thina kwanza. Mafuta kidogo tu ya vidole huizuia kushika. Iache siku nzima kabla ya kuwasha injini.

Matundu yanayosahaulika ni yale yaliyobaki baada ya kutoa hita na AC, plagi za plastiki za sakafuni, na tundu la kebo ya boneti. Yote yazibwe kwa bati. Kwenye MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, tangi liko nyuma ya viti chini ya rafu, limefunikwa na bati la skrubu; ukitoa kapeti utaona jinsi dereva alivyo karibu nalo. Kagua kila skrubu hapo. Na bomba la petroli likipita ndani ya kabini, lisiwe na kiungo popote isipokuwa kwenye kuta zenyewe za mbele na nyuma.

Blanketi la nyuzi za seramiki, lile la tanuri, linahimili nyuzi 1,260, na namba hiyo huwadanganya wengi. Halizibi kitu. Likilowa oili au petroli hugeuka utambi, na nyuzi zake ni hatari kwa mapafu. Gari la klabu halilihitaji. Tepu ya foili nayo haifai kuziba: gundi yake huachia kabla bati halijapata joto la maana, na mkaguzi akiona kona imeinuka ataivuta.

Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 1 wenye kishikio cha plastiki, unaouzwa kwa ajili ya magari ya barabarani, hautoshi. FIA inataka kilo 2 za poda au lita 2.4 za AFFF (kimiminika cha povu la kuzimia moto wa petroli), mikanda miwili ya chuma ya kufunguka haraka, vizuizi vya kuuzuia usichomoke kwenye mikanda, na ukaguzi usiozidi miaka miwili. Kishikio kihimili g 25, yaani mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kwa hiyo kiweke kwenye sakafu ya chuma chenye bati la ziada chini yake. Kati ya hiyo miwili tunapendelea AFFF, kwani poda hushikamana chini ya mtungi kwa mtetemo, na ikipulizwa ndani ya kabini dereva haoni mlango.

Kabla ya kurudisha viti, jaribu usiku. Taa yenye nguvu iwe chini ya boneti iliyofungwa, mtu akae ndani, madirisha yafunikwe na blanketi, asubiri dakika tano macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga izungushiwe chaki. Hamisha taa iingie kwenye buti, rudia. Kisha mwaga lita moja ya maji kwenye sakafu ya buti, inua pua ya gari kwa jeki ili maji yajae nyuma, halafu ishushe na uinue nyuma ili yagonge ukuta wa tangi. Pitisha karatasi ya shashi kwenye mshono wote upande wa kabini. Mahali karatasi ilipolowa, kwangua gundi yote ya urefu wa kiganja, safisha upya na uweke nyingine. Gundi mpya ikipakwa juu ya ile ya zamani haitashika.