Casio fx-991ES PLUS kwa uhandisi ujenzi na kemia

Kwa kenchi na paa, kalkuleta hii inatosha. Bonyeza MODE, kisha 5, nayo inatatua milinganyo ya pamoja yenye visivyojulikana viwili au vitatu. Kiungo kimoja cha kenchi kinatoa milinganyo miwili, kwa hiyo unaenda kiungo kwa kiungo. Ukitaka vinne kwa mpigo, tafuta fx-991EX.

Kinachokula alama za watu ni pembe. Kioo kikionyesha R (radiani) badala ya D (nyuzi), sin 30 inatoa -0.988, na nguvu zote za kenchi zinaharibika. Rudisha nyuzi kwa SHIFT, MODE, 3.

Kwenye kemia, andika namba ya Avogadro, 6.02×10²³, kwa kitufe cha ×10ˣ. Ukigawanya kwa namba hiyo ukiwa umeandika ×10 na kipeo bila mabano, mashine inagawanya kwa 6.02 tu, halafu inazidisha. SHIFT, 7, 27 inaleta R ya gesi (kigezo kisichobadilika cha gesi), 8.314, hiyo inataka paskali na mita za ujazo. Ukiwa na atm na lita, andika 0.0821 mwenyewe.

Haichori grafu. Kwa mchoro wa momenti (nguvu ya kupinda boriti), penseli na rula.