Pi-hole na Telemetria ya Windows: Utamu Wote Uko Kwenye Query Log

Wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani tuna Pi-hole toleo la 6, programu inayojibu maombi ya DNS ya nyumba nzima, yaani maswali ya vifaa vyako ya kutafuta anwani ya IP ya jina fulani la intaneti, na kuyakataa majina uliyoyazuia. Tunaipima kwa kazi moja tu: kupunguza telemetria, yaani data ambazo Windows inaituma Microsoft kutoka kwenye kompyuta za nyumbani. Wengi wanaitumia kuzuia matangazo, hayo tuyaache kwanza. Kuisakinisha mnajua, ni amri moja, na inakaa vizuri hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye RAM ya megabaiti 512. Bei ya programu ni bure, kompyuta ya zamani iliyolala kabatini inatosha. Tusonge.

Kilichonifanya niwashe kamera ni hiki hapa: Query Log, orodha ya maombi yote. Angalieni skrini. Kila ombi lina saa yake, jina la domeini na kifaa kilichouliza. Nachuja nibaki na laptopu moja ya Windows 11. Imewashwa tu, hakuna kivinjari kilichofunguliwa, hakuna anayeigusa. Na bado mistari inashuka! Hii v10.events.data.microsoft.com ndiyo njia kuu ya telemetria. Hii settings-win.data.microsoft.com ndiko Windows inakochukua maelekezo ya mipangilio. Na majina yanayoanza na watson ni ya ripoti za programu zilizoanguka. Kuna watu wana kompyuta miaka mingi na hawajawahi kuona orodha hii, na ninawaambia kabisa, ukishaiona unaanza kuuliza maswali.

Sasa tunazuia. Kwenye ukurasa wa Pi-hole ingia Domains, fungua kichupo cha RegEx filter, yaani kichujio kinachotumia muundo wa jina, andika hivi: (\.|^)events\.data\.microsoft\.com$

Kwa nini usitaje v10 peke yake? Kwa sababu ina ndugu: v20, self, mobile, na wengine wanaotegemea programu unayotumia. Mstari huu unawakamata wote kwa pamoja. Kuweni makini na mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kila nukta, maana bila huo nukta inasomeka kama herufi yoyote. Alama ya dola mwishoni inasema jina liishie hapo hapo.

Bonyeza kitufe cha kuzuia, kisha nenda kwenye laptopu, fungua Command Prompt, andika nslookup v10.events.data.microsoft.com. Jibu: 0.0.0.0, na kwa IPv6, ile aina mpya ya anwani, nukta pacha mbili (::). Maana yake jina limezuiwa. Safi kabisa! Lakini usishangilie bado. Nslookup haisomi akiba ya DNS ya Windows, yaani majibu iliyoyahifadhi, inauliza seva moja kwa moja. Unaweza kuona sifuri hapa huku Windows yenyewe ikiendelea na anwani ya zamani iliyohifadhi. Kwa hiyo ongeza ipconfig /flushdns ili kuifuta akiba hiyo, ndipo urudi kwenye logi. Mstari mwekundu, yaani ombi limezuiwa. Ndiyo huo.

Kinachonikera kwenye Pi-hole ni ile asilimia kubwa ya maombi yaliyozuiwa kwenye ukurasa wa kwanza. Watu wanaipiga picha na kujisifu nayo. Programu ikikosa jibu inauliza tena, na tena, na kila jaribio linahesabiwa. Namba inapanda kwa sababu kompyuta inarudia lile lile, wala siyo kwa sababu umezuia mambo mengi zaidi. Ningekuwa mimi ningeiondoa pale.

Na tafadhali, usizuie microsoft.com yote. Utaua Windows Update na masasisho ya Defender, kinga ya virusi ya Windows. Ukizuia login.live.com, kuingia kwenye akaunti kunakwama. Ukizuia msftconnecttest.com, Windows itakuambia hakuna intaneti wakati intaneti ipo, na baadhi ya programu zitaiamini. Ukihisi umevunja kitu, tumia pihole disable 5m. Inazima uzuiaji kwa dakika tano kisha inajirudisha yenyewe. Tatizo likiondoka ndani ya dakika hizo, mkosaji yuko kwenye orodha zako.

Najua kuna atakayeuliza, kwa nini nisiandike majina hayo kwenye faili la hosts, lile la ndani ya Windows linalopanga jina liende anwani gani, nimalize? Tangu mwaka 2020 Defender inaliona faili la hosts linalozuia seva za telemetria kama tishio, inaliita HostsFileHijack, na ukiiruhusu ilisafishe inafuta ulichoandika. Kizuizi kikikaa nje ya kompyuta, Defender haina la kugusa.

Ila mwanzo mzuri bado ni ndani ya Windows, hilo lazima niliseme. Settings, Privacy & security, Diagnostics & feedback, zima data za hiari. Hapo hapo kuna kitufe cha kufuta zilizokwisha kutumwa. Kwenye matoleo ya Windows ya Home na Pro huwezi kushuka chini ya data za lazima. Enterprise na Education ndizo zenye ruhusa ya kuzima kabisa. Hicho kilichobaki ndiyo kazi ya Pi-hole.

Ruta sasa, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Anwani ya Pi-hole iweke kwenye DHCP, sehemu inayovigawia vifaa anwani na DNS, ya upande wa LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba. Ukiiweka upande wa WAN, unaotoka kwenda intaneti, maombi yote yanaonekana yametoka kwenye ruta, Query Log inakosa maana, na mbaya zaidi unagonga kikomo: Pi-hole inakubali maombi 1,000 kwa sekunde 60 kwa kila kifaa, kisha inakataa. Nyumba nzima ikihesabiwa kama kifaa kimoja, intaneti inakatika-katika na unailaumu kampuni ya mtandao bure. DNS ya pili usiweke 8.8.8.8, ya Google. Siyo ya akiba. Windows inaweza kuitumia wakati wowote na kizuizi kinavuja. Na kama ruta inatangaza DNS yake ya IPv6, izime au uielekeze kwenye Pi-hole.

Washindani? AdGuard Home ina DNS iliyosimbwa, yaani iliyofichwa isisomwe njiani, ndani yake tayari, Pi-hole inahitaji programu nyingine pembeni. Hapo AdGuard imeshinda, sibishi. NextDNS ni huduma ya mtandaoni, haihitaji kifaa, na inakupa maombi 300,000 kwa mwezi bure, lakini orodha ya kila unachotembelea inapita kwa kampuni nyingine. Kwa lengo letu la leo, mimi sioni mantiki.

Mlioomba video ya OpenWrt, mfumo wa kuendesha ruta, na kukamata mlango wa 53 ambao DNS hupitia, iko njiani. Mnaihitaji, kwa sababu programu yenye DNS yake ndani inampita Pi-hole pembeni, na inayotumia anwani ya IP moja kwa moja haiulizi DNS kabisa.

Jambo la mwisho, makundi. Kama nyumbani kuna Xbox, v10 na v20 zinatumika kwenye mafanikio ya michezo, kwa hiyo ule mstari wetu utayaharibu. Fungua Groups, tengeneza kundi la kompyuta za Windows. Rudi Domains, uondoe mstari kwenye Default, kundi la kila kifaa ambacho hujakipangia kundi, na uuweke kwenye kundi jipya. Kisha Clients, ongeza kila kompyuta kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Laptopu ina MAC mbili, ya Wi-Fi na ya waya, weka zote. Na kwenye Windows zima anwani za nasibu za Wi-Fi kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo laptopu inaweza kurudi na MAC nyingine, ikaangukia Default, na telemetria ikaanza kupita tena.