Stationari ya jirani na boma, Moshi: kwa mnaofunga ndoa na mwenye pasipoti ya nje

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, hatua chache kutoka kwa mkuu wa wilaya hapa Moshi mjini. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, benchi la kukalia watu watatu, na bei zimeandikwa ukutani kwa kalamu nene: kuchapa, nakala, picha za pasipoti, barua, viapo. Miaka yote nimekuwa nikiipita nikienda Memorial ninakouza mitumba, na sikuwahi kuingia. Niliingia Machi 2024 nikiwa na bahasha ya karatasi zilizokataliwa. Leo ni mke wa mtu. Yule mama mwenye ofisi nampa nyota nne kati ya tano, na nitasema nyota ya tano imekwama wapi.

Mume wangu ni Mpare wa Same. Ila anaishi Ujerumani tangu alipokwenda kusoma, na alipopewa uraia wa kule mwaka 2019 aliukana wa kwetu, maana sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubeba uraia wa nchi mbili. Ndugu walikuwa wakituambia, "Huyu si mtoto wa nyumbani? Nendeni bomani mkafunge." Msajili anaangalia pasipoti, na pasipoti yake inasema ni mgeni. Kwa hiyo alitakiwa alete hati ya kwao inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa. Wajerumani wanaiita Ehefähigkeitszeugnis. Inatolewa na ofisi ya usajili ya mahali mtu anapoishi, na kabla ya kuitoa wanachunguza karatasi za wote wawili, zake na za mchumba. Ndiyo maana mimi niliye Moshi nilitakiwa nipeleke cheti cha kuzaliwa, nakala ya pasipoti na uthibitisho kwamba sijaolewa, hata kabla hajakata tiketi.

Nilianza kwa kosa. Nilimpata wakala wa Dar kwa tangazo la WhatsApp, "Ndoa za nje, siku saba," nikamtumia shilingi 350,000. Akaniletea kiapo cha kutokuwa na ndoa ambacho jina la baba yangu limeandikwa kwa jina la ukoo, wakati kwenye pasipoti limeandikwa la ubatizo. Ofisi ya kule ikarudisha kila kitu: baba wawili, basi wanawake wawili. Wakala akaacha kupokea simu. Mama yangu mzazi alifikia kuniuliza kama huyo mwanaume ananitaka kweli au karatasi ni kisingizio. Swali hilo liliniumiza kuliko hela.

Yule mama wa stationari hakuniuliza nataka kuchapa nini. Alisema, "Mwanangu, toa vyote uweke hapa mezani." Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha ubatizo, cheti cha kidato cha nne. Akachukua rula, akaiweka chini ya jina langu kwenye cheti cha kwanza, akasoma herufi moja moja kwa sauti, mimi nikifuatilia kwenye cha pili. Kisha cha tatu. Ilichukua karibu saa nzima na watu walikuwa wakisubiri fotokopi. Jina la baba tulikuwa tunalijua. Ambalo hakuna aliyeliona, si mimi wala wakala, ni kwamba jina langu la kwanza lina "h" mwishoni kwenye cheti cha kuzaliwa na halina kwenye pasipoti. Tungerekebisha la baba tukapeleka tena, zingerudi tena.

Hapo angeweza kuniuzia vitu vingi. Badala yake aliniambia nimpigie mchumba, aiombe ofisi yake iandike kwa barua pepe nyaraka inazozitaka na namna inavyokubali kurekebisha tofauti za majina. Alisisitiza nisiokote orodha ya mtandaoni, kwa kuwa ofisi za kule kila moja ina utaratibu wake. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: kiapo kimoja kinachotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja kingetosha. Basi hakukuwa na haja ya hati ya kubadili jina, ambayo ina gharama na mzunguko wake. Akachapa kiapo cha majina na kile cha kutokuwa na ndoa, tukavuka barabara kwa wakili anayeapisha, nikaapa, vikagongwa muhuri.

Nikamwambia anitafsirie kwa Kijerumani, maana wakala alinitajia bei ya kutafsiri. Alikataa. Alisema ofisi za Ujerumani zinataka tafsiri ya mtu aliyeapishwa na mahakama za kwao, hivyo nitume karatasi kama zilivyo, mchumba atafute mfasiri hukohuko. Ndivyo ilivyokuwa. Kazi yote kwake, pamoja na nakala na picha, ilinigharimu shilingi 48,000, ukiacha ya wakili.

Jambo la pili ninalomshukuru ni mpangilio wa siku. Ile hati ya Ujerumani inadumu miezi sita tu tangu kutolewa. Na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe kwa msajili angalau siku 21 kabla, ibandikwe, mwenye pingamizi ajitokeze. Likizo ya mchumba ilikuwa wiki nne kamili. Mama alichukua kalenda ya ukutani, akaishusha, akaanza kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Hati ilitoka Juni, kwa hiyo tulikuwa na hadi Desemba. Mchumba atue Jumamosi tarehe 31 Agosti. Jumatatu tarehe 2 Septemba asubuhi, kabla hata hajaenda Same kusalimia wazee, tuwe bomani na fomu. Ndoa tarehe 25, arudi tarehe 28. Wazee wa Same hawakupendezwa, na ninawaelewa, lakini tungechelewesha taarifa hata kwa wiki moja, ndege ingeondoka siku zikiwa hazijatimia. Ipo leseni maalumu ya kusamehewa zile siku 21, ila mama alituambia tusijenge mpango wetu juu ya msamaha.

Alituokoa na jingine. Mchumba alitaka kuigongesha hati yake muhuri wa apostili, ule unaoifanya hati ya nchi moja ikubalike nyingine, kama wafanyavyo wenzake wanaooana na watu wa nchi nyingine za Ulaya. Mama alisema ule muhuri ni wa nchi zilizojiunga na mkataba wa Hague wa mwaka 1961, na Tanzania haikuwemo. Njia yetu ni kuithibitisha hati kupitia mamlaka za Ujerumani, halafu ubalozi wetu wa Berlin. Na siku ya kujaza fomu alitunong'oneza tuangalie palipoulizwa aina ya ndoa, tuandike wazi ya mke mmoja, kisha tuhakikishe na cheti kinasema hivyo kabla hatujasaini. Sheria yetu inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na Mjerumani atakayesoma cheti hicho atatafuta maneno hayo.

Sasa nyota iliyokwama. Ofisi haina faragha. Pasipoti yangu, cheti changu, kiapo kinachosema sijawahi kuolewa, vyote vilikaa juu ya meza mlango ukiwa wazi, na mtu aliyekuja kutoa nakala ya mtihani akasoma jina langu na kuniuliza naolewa na nani. Kijana anayesaidia kwenye kompyuta alihifadhi nyaraka zangu humo, nikamwomba azifute, akafuta pale nilipomsimamia. Risiti nilipewa baada ya kuomba mara mbili. Wino wa printa ulikuwa hafifu, kiapo cha majina ikabidi kichapwe upya. Jumamosi wamefunga, na simu mama hapokei akiwa na mteja, kwa hiyo fika mwenyewe, asubuhi, kabla ya saa tatu.

Usimtegemee kwa viza. Hilo alinieleza wazi kwamba si kazi yake. Kwa viza ya kumfuata mume nilitakiwa nionyeshe Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, nikaufanya mtihani Goethe-Institut Dar es Salaam, alama 60 kati ya 100 ndiyo kufaulu, nikapata 71 baada ya miezi mitano ya kujifunza usiku nikishafunga meza ya mitumba.

Keshokutwa narudi kwake na cheti cha ndoa kutoa nakala za kuambatanisha na maombi. Nitabeba bahasha yangu yenye kifungo, na kabla sijatoa karatasi hata moja nitamwomba afunge mlango.