Chuo cha "soma popote ulipo" kimenipa sapu (mtihani wa marudio) nikiwa doria

Wanatangaza "soma popote ulipo". Mimi nilikuwa Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kikosi chetu cha Tanzania chini ya MINUSCA, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani kule. Ada nililipa yote. Moduli zao nzuri, sina neno.

Balaa ni testi. Iliwekwa saa 12 jioni hadi saa 2 usiku kwa saa za Dar. Kule tuko nyuma kwa saa mbili, kwa hiyo kwetu ni saa 10 hadi 12 jioni, muda ambao doria inarudi kambini. Mapema kabisa nilituma barua ya kamanda, ina muhuri, nikiomba nipangiwe siku nyingine. Kimya. Siku yenyewe gari likakwama kwenye tope, tukaingia imebaki nusu saa. Sikuvua hata buti. Mtandao wa kambi ni wa kugombania, na mfumo wao unafungua swali moja moja. Ukijibu, unasubiri kiduara kizunguke. Swali la saba ukanitoa nje. Kurudi: "Muda umekwisha." Sifuri.

Nikapiga simu. Dada wa dawati la wanafunzi akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, kwa sababu wewe mwanajeshi ndiyo chuo kibadilishe ratiba?" Akakata. Nimelinda raia wa watu, halafu naongeleshwa kama mtoro wa shule!

Msiniambie elimu masafa haiwezekani kwa askari. Peace Operations Training Institute ya Marekani inawapa walinda amani wa Afrika kozi bure: unapakua kitabu chote, unasoma bila intaneti, ukiwa tayari unafanya mtihani wa maswali 50, kufaulu ni asilimia 75. Nimesomea lindoni nikimaliza zamu, nina cheti.

Nilitaka kuandika askari wenzangu msijiunge kabisa na hiki chuo. Lakini mwalimu wetu wa takwimu alikuwa akinirekodia somo kwa sauti WhatsApp usiku, kwa hiari yake, na kwa ajili yake takwimu nimezielewa. Basi jiungeni, ila mpate kwanza kwa maandishi kwamba ukiwa kazini siku ya testi utapangiwa nyingine. Hapana, hata hivyo msiharakishe. Mimi wananidai ada ya sapu, na sitoi hata shilingi mpaka barua ya kamanda ijibiwe.