Mto wa hewa wenye vinundu: unafaa, ila msiujaze upepo kupita kiasi

Mto huu wa mviringo, kipenyo sentimita 33 hivi, ni wa mtoto kusimama juu yake akijizoeza kujisawazisha; una vinundu upande mmoja. Wa pili ni laini. Kwa mtoto anayejikwaa ovyo na kuchukia kuguswa nyayo tunaupendekeza kwa moyo wote. Kosa kubwa ni kuujaza hadi uwe mgumu kama mpira: unayumba kuliko anavyomudu. Jaza kiasi, akisimama katikati ubonyee.

Tazama vidole vya miguu. Vikijikunja, au akisimamia visigino, vinundu vimemzidi: geuza upande laini au mvishe soksi zenye mpira chini, wala usimlazimishe. Ngozi inayoshtukia mguso mwepesi mara nyingi huvumilia mkandamizo, hivyo kamata nyayo kwa kiganja kizima kabla hajapanda. Sekunde 10 zinatosha kuanzia, umshike kiunoni, ukuta ukiwa karibu. Anayetazama miguu muda wote anategemea macho kujisawazisha. Bandika picha ukutani usawa wa uso wake.

Kasoro: kwenye vigae huteleza, weka mkeka wa mpira chini. Kingine, kizibo kikiingiwa na vumbi, hewa huvuja.