Mkanda wa LED wa COB, 2700K hadi 6500K: upime ukiwa na joto

Dukani mkanda huu wa COB (chipu zimebandikwa moja kwa moja kwenye mkanda) huwashwa dakika mbili juu ya kaunta, na kwa dakika mbili kila mkanda ni mzuri. Tofauti hujitokeza nusu saa baadaye, ukishapata joto.

Tunaouzungumzia ni ule wa volti 24, chipu 608 kwa mita, takriban wati 12 kwa mita na sehemu tatu za kuunga waya: chanya ya pamoja, njia ya mwanga wa njano (2700K) na njia ya mwanga mweupe (6500K). Chipu zote ni za buluu, karibu nanomita 450. Rangi inatoka kwenye fosfa, unga uliochanganywa na silikoni na kumwagwa juu yake. Njia nyeupe inatosheka na YAG, garneti ya itriamu na alumini yenye seriamu kidogo, ambayo huvumilia joto vizuri. Njia ya njano inadai nyekundu pia. Mikanda bora huitoa kwenye nitraidi yenye europiamu. Mtengenezaji akiongeza strontiamu, nyekundu husogea kuelekea chungwa; akiongeza kalsiamu, hukolea.

Kugeuza nanomita 450 kuwa 620 hupoteza zaidi ya robo ya nishati, nayo huwa joto. Kwa hiyo njia ya njano kutoa mwanga pungufu kwa wati zilezile si kasoro. Kasoro ni fosfa za silikati za bei rahisi: zikipata moto hufifia, buluu inapenya, na njano uliyoilipia inapauka.

Kulijua hili ni rahisi. Kata vipande viwili vya rola moja kwenye alama za kukatia. Bandika kimoja kwenye ubao, washa njia ya njano kwa nguvu zote dakika 30, kisha washa cha pili kikiwa baridi na umulike vyote kwenye karatasi nyeupe. Cha moto kikionekana cha buluu zaidi, rudisha rola. Ubao hauachii joto litoke, ndiyo maana unafaa kwa jaribio na haufai kabisa kwa kazi yenyewe. Kwenye dari la jipsamu, weka chaneli ya alumini kwanza.

Rimoti ikiwa katikati, karibu 4000K, mwanga huelekea waridi kidogo. Mchanganyiko wa nyeupe mbili hufuata mstari ulionyooka, ilhali nyeupe za kitu kinachowaka kwa joto hufuata upinde unaopita juu ya mstari huo. Sebuleni hakuna atakayegundua. Kwa duka la vitambaa au vipodozi, tusingeuchukua. Nunua mkanda wa 4000K tupu wenye CRI 90 (kipimo cha usahihi wa rangi, juu kabisa ni 100) na uulize R9 yake, yaani alama ya nyekundu iliyokolea.

Pawa saplai: mita 5 kwa wati 12 ni wati 60, chukua ya 75. Lakini uliza kwanza kama wati 12 ni za njia moja au za zote mbili, maana baadhi ya kontrola huwasha zote kwa nguvu kamili rimoti ikiwa katikati, na mzigo unakuwa maradufu. Ukizidi mita 5, lisha umeme ncha zote mbili, la sivyo mwisho unafifia.

Kwenye kona usiukunje kwa ubavu. Kata uunge kwa waya. Silikoni ikipasuka, fosfa hubanduka na utaona nukta kali za buluu. Hizo hazizibiki, kata kipande hicho ubadilishe.